Jiwe Halihesabu Dhoruba

Leo tunazungumzia dhoruba zilizopiga wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuziogopa wala chombo cha kuzama, na namna zilivyobaki ndani ya mawe. Kwa zaidi ya nusu karne wanajiolojia wamekuwa wakizisoma alama za bahari iliyochafuka katika miamba ya mashapo, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope na makombe yaliyotua chini ya maji, yakafukiwa na kushikamana. Habari hizi zikifika magazetini huwa zimeshatiwa chumvi. Tunaambiwa kwamba mwamba ni daftari la hali ya hewa ya kale, na kwamba anayehesabu matabaka anahesabu tufani. Mimi nitatetea dai dogo kuliko hilo, na naamini ni imara zaidi. Jiwe linaweza kututhibitishia kwamba mahali fulani mawimbi makubwa yaliifikia sakafu ya bahari yakaivuruga. Peke yake haliwezi kutuambia mawimbi hayo yalikuja mara ngapi, wala upepo ulioyaleta ulikuwa na kasi gani. Ushahidi wa jambo la kwanza ni mwingi na umepimwa. La pili limezaa mabishano ambayo mengine hayajaisha hadi leo.

Tuanze na jiwe lenyewe, tena kwa karibu. Katika jimbo la Utah, Marekani, kuna magenge marefu yanayoitwa Book Cliffs. Miaka milioni 80 hivi iliyopita mahali pale palikuwa ukingo wa bahari ya kina kifupi iliyoikata Amerika Kaskazini vipande viwili, toka kaskazini mpaka kusini. Chukua tabaka moja tu la mwamba wa mchanga katika magenge hayo, lenye unene wa nusu mita hivi, ulisome kutoka chini kwenda juu. Chini yake kuna mwamba wa tope, wa kijivu, laini. Mpaka kati ya tope na mchanga ni mkali: hakuna kuchanganyikana, hakuna kubadilika polepole. Ukiinama kutazama tumbo la tabaka la mchanga utaona michirizi na vifereji vilivyojaa mchanga, ishara kwamba tope lilikwaruzwa na kuchimbwa kabla mchanga haujatua. Juu ya hapo mchanga ni wa chembe ndogo na umepangika katika vitandiko vyembamba vya unene wa milimita chache. Vitandiko hivyo havikulala sawasawa. Vinapanda taratibu kufuata kinundu, vinashuka kwenye kibonde, vinapanda tena mbele yake, na kutoka kinundu hadi kinundu kuna mita moja, pengine mita kadhaa. Mteremko wao ni mdogo, kwa kawaida hauzidi nyuzi 15. Jambo la kutazama hasa ni kwamba vinainamia pande zote. Mchanga uliowekwa na mto, au na mkondo wa maji kupwa na kujaa, huinamia upande ule maji yalikokwenda. Hapa hakuna upande unaotawala. Kileleni mwa tabaka kuna vijituta vidogo vyenye mabega mawili yaliyolingana, kisha tope linarudi, na safari hii limejaa mashimo ya minyoo na kambamiti.

Hadithi ya jiwe hilo inasomeka bila taabu. Maji yalichafuka yakakwangua sakafu. Yalipoanza kupungua nguvu, mchanga ulioelea ukatua huku mawimbi yakiendelea kuuchezesha huku na huko. Mawimbi yalipofifia zaidi yakachora vile vijituta vya juu. Halafu ikaja shwari ndefu, tope likadondoka chembe kwa chembe, na viumbe wakarudi kuchimba makao yao. Mchanga wote ule wa nusu mita huenda uliwekwa kwa saa chache au siku chache, na zile sentimita chache za tope juu yake zikachukua miaka mingi, pengine mamia. Kwa hiyo sehemu nene ya mwamba ni ya muda mfupi, na sehemu nyembamba ndiyo ya muda mrefu. Anayepima wakati kwa unene wa jiwe atapotea papo hapo.

Kwa nini dhoruba iandikwe pale, isiandikwe pengine? Jibu limo katika mwendo wa wimbi. Wimbi linapopita, maji yenyewe hayasafiri nalo mbali. Chembe ya maji huzunguka mduara na kurudi karibu na ilipoanzia. Miduara hiyo hupungua kadiri unavyoshuka chini, na ukifika kina kilicho nusu ya urefu wa wimbi, kutoka kilele hadi kilele, karibu mwendo wote umekwisha. Sasa piga hesabu. Wimbi ambalo kilele chake kinafuatwa na kingine baada ya sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi baharini, kwa hiyo hufikia kina cha mita 20 basi. Wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156, na hufikia mita 78. Muda ukiongezeka mara mbili, kina kinaongezeka mara nne. Mawimbi ya siku za kawaida katika bahari nyingi zilizozungukwa na nchi kavu ni ya muda mfupi. Yale ya muda mrefu huhitaji upepo mkali unaovuma kwa saa nyingi juu ya maji mapana. Basi kuna ukanda wa sakafu ambao siku zote haujui lolote kuhusu mawimbi, tope linatua kwa amani, mpaka siku ya dhoruba. Penye maji mafupi kuliko ukanda huo, mawimbi ya kila siku huyafuta yaliyoandikwa na dhoruba. Penye kina kirefu zaidi, dhoruba haifiki. Na karibu na sakafu ile miduara hubanwa ikawa mwendo wa kwenda na kurudi tu, ndiyo maana mchanga haukupata upande mmoja wa kuinamia.

Maelezo haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1899 mwanajiolojia Mmarekani G. K. Gilbert aliandika kuhusu matuta makubwa aliyoyaona katika mwamba wa mchanga wa jimbo la New York, akasema ni kazi ya mawimbi. Alikuwa mbele ya wakati wake, na jambo likalala. Lilipoamka ilikuwa miaka ya 1960. Miles Hayes alikwenda kuchunguza kilichobaki baharini baada ya kimbunga Carla kuipiga pwani ya Texas mwezi Septemba 1961, na katika ripoti yake ya mwaka 1967 akaeleza tabaka jipya la mchanga mwembamba na vumbi la mchanga lililotandikwa juu ya tope la sakafu, chembe kubwa chini na ndogo juu. Hapo watu walikuwa na dhoruba yenye jina na tarehe, na tabaka lake. Mwaka 1975 J. C. Harms na wenzake wakaupa jina rasmi ule mpangilio wa vinundu na vibonde, wakasema unatokana na mawimbi ya dhoruba. Mwaka huohuo Gilbert Kelling na P. R. Mullin, waliokuwa wakishughulikia miamba ya Morocco, wakalitumia neno tempestiti kwa tabaka zima lililowekwa na dhoruba, nalo ndilo linalotumika mpaka sasa.

Lakini kudai si kuthibitisha. Hakuna aliyesimama kwenye sakafu ya bahari wakati wa tufani akaona vinundu vikijengwa. Maji huwa yamejaa mchanga, huoni mbele, na vyombo vya kupimia mara nyingi husombwa. Ushahidi mzito zaidi umetoka maabara. Katika matangi marefu ambamo maji husukumwa kwenda na kurudi juu ya mchanga, John Southard na wenzake walionyesha kufikia mwaka 1990 kwamba mwendo mkubwa wa mawimbi juu ya mchanga laini hujenga vinundu vya mviringo badala ya vijituta vilivyonyooka. Simone Dumas na Bill Arnott wakafika mbali zaidi mwaka 2006: wakaongeza mkondo wa upande mmoja, kidogo kidogo. Mkondo ukiwa dhaifu, vinundu vinabaki. Ukiongezeka nguvu, vitandiko vinaanza kuinamia upande unakokwenda, na sura ya kinundu inapotea. Jaribio hilo nalipenda kwa sababu linaweka mpaka unaoweza kupimwa. Halisemi tu kwamba dhoruba inaweza kufanya hivi. Linasema ni mchanganyiko gani wa wimbi na mkondo unaofanya hivi, na ni upi usioweza.

Hapa mpinzani anasimama, na ana haki ya kusikilizwa. Anasema: mnakimbilia dhoruba kila mnapoona kinundu, ilhali mpangilio unaofanana na huo umepatikana kwenye miamba ya bahari ya kina kirefu sana, iliyowekwa na mikondo mizito ya mchanga na tope inayoporomoka kwenye miteremko ya chini ya bahari, ambako hakuna wimbi la juu linalofika. Ni kweli. Anthony Prave na William Duke walieleza mifano ya namna hiyo mwaka 1990. Tena, mwaka 1986 Brian Greenwood na Douglas Sherman walionyesha vinundu vilivyojengwa katika maji ya mita mbili tu, penye mawimbi yanayovunjika, kwenye ufuko wa Ghuba ya Georgian katika Ziwa Huron. Ziwa, si bahari! Kwa hiyo kinundu peke yake hakithibitishi bahari, wala hakithibitishi kina. Hilo lote nalikubali. Nisilolikubali ni hitimisho kwamba basi hatujui kitu. Shahidi mmoja anapotiliwa shaka, mahakama huita wengine, na hapa mashahidi wako wengi: vijituta vya mabega sawa juu ya tabaka, ambavyo huhitaji mawimbi, makombe ya viumbe wa maji mafupi, mashimo ya wanyama wa jamii inayojulikana kuishi kwenye kina fulani, na zaidi ya yote, mabadiliko ya tabaka kadiri unavyoondoka ufukweni.

Shahidi huyo wa mwisho alichunguzwa vizuri na Thomas Aigner katika mawe ya chokaa ya kusini mwa Ujerumani yanayoitwa Muschelkalk, ya kipindi cha Triasi ya kati, miaka milioni 240 hivi iliyopita. Aliyalinganisha na mashapo ya leo ya Bahari ya Kaskazini, akachapisha kazi yake kubwa mwaka 1985. Karibu na ufuko wa kale matabaka ni manene, yamejaa makombe yaliyovunjikavunjika, na mara nyingi yamegandamana moja juu ya jingine bila tope kati yake. Ukienda kuelekea kina kirefu, yanakuwa membamba, chembe zake ndogo, na yanatenganishwa na tope jingi, mpaka mwisho unabaki na mstari mwembamba wa vumbi la chokaa ambao mtu asiyekuwa makini angeuruka. Mfululizo huo ndio unaotegemewa kwa dhoruba: nguvu kubwa penye maji mafupi, ikififia hatua kwa hatua. Kwa wanaotafuta mafuta na gesi jambo hili ni la kazi ya kila siku, kwani matabaka ya dhoruba yanayozidi unene kuelekea juu kisimani huwaambia kwamba ufuko ulikuwa ukisogea karibu.

Na tsunami je? Swali hili linatuhusu hapa kwetu moja kwa moja. Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, Tanzania, inajulikana ulimwenguni kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambayo mingi yake iko Berlin. Katikati ya matabaka yenye mifupa kuna matabaka ya mchanga yenye viumbe wa baharini, ya mwisho wa kipindi cha Jura, na mwaka 2004 Robert Bussert na Martin Aberhan waliyachunguza kwa jicho la matukio ya ghafla. Walitofautisha malundo ya makombe yaliyokusanywa na dhoruba na tabaka moja nene la mchanga na changarawe ambalo walilihusisha na tsunami. Tofauti inatafutwaje? Dhoruba hupiga mawimbi maelfu, kila moja la sekunde chache, kwa hiyo huacha vitandiko vingi vyembamba na vijituta juu. Tsunami ina mawimbi machache, kila moja likichukua dakika nyingi, na kila moja husukuma maji upande mmoja kwa muda mrefu kisha kuyavuta nyuma. Huweza kubeba vipande vikubwa visivyolingana na mchanga unaovizunguka, na kuvimwaga bila mpangilio wa wimbi fupi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jiwe halisi huwa halina adabu hiyo, na nadhani mtu mwaminifu ataliita tabaka la tsunami "huenda" mpaka alifuate kwa umbali mrefu. Hata hivyo ukitazama vizuri, mabishano haya ni ya kuamua ni wimbi la aina gani. Kwamba lilikuwa wimbi, na kwamba liligusa sakafu, hakuna anayebisha.

Kuna pingamizi jingine la kitaalamu ambalo nitalipitia haraka. Dhoruba za leo zinapopimwa, mkondo wa chini ya maji mara nyingi hukimbia sambamba na pwani. Sababu ni kwamba upepo huyarundika maji ufukweni, yale ya chini yakaanza kurudi baharini, na mzunguko wa dunia ukayapinda mpaka yakafuata pwani. Lakini michirizi iliyo chini ya matabaka ya kale mara nyingi inaelekeza moja kwa moja baharini. Mmoja wa hao wawili anadanganya, ilisemwa. Duke alitoa jibu lenye akili mwaka 1990: michirizi huchorwa katika ile sekunde ya nguvu kubwa kuliko zote, na nguvu hiyo ni ya wimbi linalokwenda na kurudi kati ya ufuko na bahari, wakati mkondo wa polepole unaosogeza mchanga kwa jumla unaweza kuelekea kwingine. Baadaye vipimo kwenye pwani ya kaskazini ya California vilionyesha pia kwamba mawimbi huweza kuliinua tope zito likateremka lenyewe kuelekea kina kirefu. Maelezo yote mawili huenda ni kweli, kila moja mahali pake.

Sasa tufike penye kiini cha hoja yangu, yaani kuhesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwamba wa mita 100 ulichukua miaka milioni moja kujengeka, na ndani yake kuna matabaka 200 ya dhoruba. Ukigawa unapata tabaka moja kila miaka 5,000. Je, pwani hiyo ilipata dhoruba moja katika miaka 5,000? La hasha. Hakuna pwani iliyo wazi inayokaa hivyo. Kilichotokea ni kwamba dhoruba nyingi zilikuja zikaandika, na maandishi yakafutwa. Mfutaji wa kwanza ni dhoruba inayofuata: ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia, inakwangua mpaka chini ya kazi ya mwenzake na kuichanganya na yake. Yale matabaka yaliyogandamana ya Muschelkalk karibu na ufuko ni ushahidi wa ufutaji huo. Unaona tabaka moja, kumbe ni mabaki ya dhoruba tatu au thelathini. Mfutaji wa pili ni wanyama wanaochimba. Tabaka la sentimita tatu kwenye sakafu yenye minyoo, kaa na kambamiti wengi halina maisha. Baada ya miaka michache limekorogwa na tope mpaka halitambulikani. Ili tabaka lisalimike sharti liwe nene kuliko wanyama wanavyoweza kuchimba, au lifukiwe upesi. Robert Dott alilizungumza jambo hili mwaka 1983 alipouliza tukio adimu ni adimu kiasi gani, na mpaka leo sijaona sababu ya kulipuuza swali lake.

Mfutaji huyo wa pili amefanya jambo la ajabu katika historia ya dunia. Katika miamba ya Kambria na mwanzo wa Ordovisi, miaka milioni 540 mpaka 470 hivi iliyopita, kuna kwa wingi matabaka ya vipande bapa vya chokaa vilivyong'olewa na kutupwa ovyo, vingine vimesimama wima. Ni kazi ya dhoruba iliyoipata sakafu ikiwa imeshaanza kushikamana. Baada ya hapo matabaka ya namna hiyo yanapungua sana. Mtu wa haraka angesema bahari ilitulia. Mwaka 1982 Jack Sepkoski alitoa maelezo tofauti: viumbe wachimbaji waliongezeka, wakawa wanaikoroga sakafu wakati wote, basi haikupata nafasi ya kugandamana mapema na kutoa vipande bapa. Upepo haukubadilika; kilichobadilika ni karatasi ya kuandikia. Naona hii ni moja ya hoja nzuri kuliko zote katika elimu ya mashapo, kwani inaonyesha jinsi kupungua kwa alama kunavyoweza kutokea bila kupungua kwa kilichoziweka.

Atakuja mwingine aseme: sawa, tuache idadi kamili, lakini angalau tunaweza kulinganisha. Mwamba huu una matabaka mengi, ule una machache, basi huu ulipata dhoruba zaidi. Hapana, si lazima. Maji yakishuka mita 20 tu, sakafu ambayo ilikuwa haifikiwi na mawimbi ya sekunde saba au nane inaanza kufikiwa, na matabaka yanaongezeka ghafla hali upepo ni uleule. Mto ukileta tope jingi zaidi, matabaka yanafukiwa upesi na yanasalimika. Oksijeni ikipungua chini ya maji, wachimbaji wanakimbia au kufa, na hata vitandiko vyembamba vinabaki. Katika mambo yote manne, kina, tope, wanyama na upepo, upepo ni mmoja tu, na jiwe halisemi ni yupi aliyeongeza hesabu. Tena wako wanaohoji hata kama kila tabaka la makombe ni tukio. Katika miamba ya Ordovisi karibu na Cincinnati, Marekani, matabaka ya makombe yaliyohesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya dhoruba moja moja yamefafanuliwa upya na watafiti kama Benjamin Dattilo: tope lilikoma kuja kwa muda mrefu, makombe yakarundikana vizazi kwa vizazi, na dhoruba nyingi zikapita juu yake zikiyapepeta.

Hili linatuleta kwenye dai kubwa la tabia ya nchi. Mwaka 1985 Duke alikusanya mifano mingi ya vinundu kutoka kote duniani, akairudisha kila mmoja kwenye latitudo yake ya kale, akahusisha mingi na vimbunga vya tropiki na mingine na dhoruba kali za majira ya baridi. Wengine, wakiwemo George Klein na Kathleen Marsaglia, walikuwa na mahesabu yao, na wakabishana kwa maandishi. Wazo lina mantiki. Kimbunga cha tropiki huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia kukizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu. Ndiyo maana pwani ya Kenya na sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania haiko kwenye njia ya vimbunga. Lakini ona pwani yetu ilivyo: kimbunga cha Aprili 1872 kiliivunja Unguja, kikaangusha minazi na mikarafuu na kuzamisha majahazi, kingine kikaipiga Lindi Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kikafika maeneo ya Mafia mwezi Mei 2024. Mara chache mno kwa maisha ya mtu, ila ukijumlisha miaka milioni moja unapata maelfu. Mwamba ambao unahifadhi tabaka moja kila miaka elfu kadhaa hauwezi kutofautisha pwani inayopigwa mara moja kwa vizazi viwili na pwani inayopigwa kila mwaka. Zote mbili zitajaza nafasi zote zilizopo. Tena Tendaguru yenyewe, wakati wa Jura, ilikuwa kusini zaidi kuliko ilipo sasa, kwa hiyo hata makombe yake yaliyorundikwa na dhoruba hayatuambii lolote kuhusu vimbunga vya latitudo ya leo ya Lindi.

Je, hakuna kabisa njia ya kupata kasi ya upepo kutoka kwenye jiwe? Iko, na ni nyembamba. Vijituta vya mawimbi katika mchanga wa kufaa vina kanuni: nafasi kati ya kilele na kilele ni kama theluthi mbili ya umbali ambao maji ya chini hutembea katika kwenda au kurudi kwake. Ukiupata umbali huo, na ukijua ukubwa wa chembe, unaweza kukadiria mawimbi yaliyokuwa juu, na kutoka hapo upepo. Philip Allen na Paul Hoffman walitumia njia hii mwaka 2005 kwa matuta makubwa ajabu yaliyo katika chokaa ya miaka milioni 635 iliyopita, iliyowekwa mara baada ya dunia kutoka kwenye barafu iliyoifunika karibu yote. Chokaa hizo ziko Australia, Brazil, Kanada, Namibia na Svalbard. Jibu lao lilitisha: mawimbi ya sekunde 21 hadi 30, kwenye maji ya kina cha mita 200 hadi 400, na upepo wa kudumu unaozidi mita 20 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa, si kwa mpigo mmoja tu bali kwa muda mrefu.

Ingekuwa kweli, tungekuwa na jiwe lililopima upepo. Lakini mwaka 2012 Michael Lamb na wenzake waliyarudia matuta hayo, hasa yale ya Australia Kusini, wakaja na maelezo mengine. Chembe zake zilikuwa kubwa na za ukubwa uliolingana, na chokaa ilikuwa ikiganda upesi kutoka kwenye maji yenyewe. Kituta kilichojengwa na wimbi la kawaida kilishikamana kabla wimbi lingine halijakisawazisha, kikaongezeka kimo tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ukubwa wa tuta uliotumiwa kama kipimo cha upepo ungeweza kuwa kipimo cha kasi ya chokaa kuganda. Kwa maoni yangu maelezo haya yana nguvu zaidi, kwa kuwa yanatumia kitu tunachojua kilikuwepo, chokaa iliyokuwa ikimiminika baharini kwa wingi baada ya barafu kuyeyuka, badala ya upepo ambao hakuna ushahidi mwingine wa kuutegemeza. Hata hivyo kuna jambo ambalo Lamb na wenzake hawakuligusa, na Allen na Hoffman hawakuhitaji kulitetea: yale ni matuta ya mawimbi, yenye mabega mawili, juu ya sakafu ambayo mawimbi yaliifikia. Sehemu hiyo ya dai imebaki palepale ilipokuwa tangu Gilbert alipoliona jambo kama hilo katika mwamba wa New York.